Mtoto wa miaka minne na kupatwa kwa jua: atazame wapi?

*"Daktari, naomba ushauri wako. Tunaishi Ilemela, Mwanza, na nimesoma kwamba tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na kwamba huku kwetu litaonekana likiwa limefunikwa sehemu. Siku hiyo binti yangu atakuwa na miaka minne na miezi michache. Ni mdadisi sana, kila usiku huniuliza mwezi umekwenda wapi, nami ningependa tulione tukio hili pamoja. Tatizo ni kwamba nyumbani kila mtu ana lake. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, anasema mtoto afungiwe ndani mpaka lipite, kwa kuwa jua linalopatwa hutoa miale yenye sumu. Jirani anasema mwaka 2016 wao walilitazama kwenye beseni la maji na hakuna aliyedhurika. Shemeji yangu ametunza picha za zamani za eksirei na anasema zinatosha. Mke wangu anaogopa na anaona heri tuachane na jambo lenyewe. Je, ni salama kwa mtoto wa umri huo? Kama ni salama, afanyeje? Na akilitazama kwa bahati mbaya, nitajuaje kwamba ameumia?"*

Ndugu yangu, nimefurahi kwamba umeandika mapema na kwamba umeeleza kauli ya kila mmoja hapo nyumbani, kwa sababu siku yenyewe ikifika mtoto atawasikia wote, na akisikia maelekezo manne yanayopingana atafuata lile linalompendeza. Unauliza mambo matatu: kama ni salama, afanyeje, na utajuaje akiumia. La kwanza nalijibu sasa hivi ili mke wako apumue. Ni salama kwa mtoto wa miaka minne kuwa nje wakati jua linapatwa, na anaweza kulifuatilia tukio lote tangu mwanzo hadi mwisho, ilimradi alione ardhini au ukutani, na asiinue uso kulitazama angani. Yanayofuata ni sababu za ushauri huo na namna ya kuutekeleza.

Nianze na mama yako, kwa kuwa hofu yake ina msingi. Kwamba watu hupoteza uwezo wa kuona baada ya kulitazama jua likipatwa ni jambo la kweli ambalo madaktari wa macho wa nchi nyingi wameliandika, na bibi anayemwita mjukuu wake ndani anamlinda dhidi ya hatari iliyopo. Ambacho hakipo ni sumu. Jua lenyewe halibadiliki hata kidogo siku hiyo. Mwezi, katika mzunguko wake, hupita kati ya dunia na jua ukatuzibia sehemu ya mwanga, na mwanga unaobaki kutufikia ni uleule wa kila siku, tena umepungua. Haupenyi bati, hauharibu chakula wala maji yaliyo mtungini, haumdhuru mama mjamzito wala mtoto aliye tumboni mwake. Binti yako akicheza kivulini saa hiyo, hana hatari yoyote ambayo hakuwa nayo jana yake.

Kwa nini basi watu huumia siku hiyo zaidi ya siku nyingine? Ni kwa sababu siku za kawaida hakuna anayeweza kulikazia jua macho. Ukijaribu, mboni hujibana, kope hufumba, machozi hutoka na kichwa hugeuka chenyewe, na yote hayo hutokea kabla hujapata muda wa kufikiri. Kinga hiyo ndiyo inayotulinda sisi tunaoishi karibu na ikweta, ambao jua hutupita karibu na utosi mwaka mzima. Siku ya kupatwa kuna kitu cha kutazama, kwa hiyo mtu hujilazimisha, hukunja uso, huchungulia mara ya pili na ya tatu. Mtoto aliyeambiwa kwamba huko juu kuna ajabu hujilazimisha kuliko mtu mzima.

Liko pia kosa ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Hudhani kwamba jua likifunikwa nusu, ukali wake kwa jicho nao umepungua nusu. Jumla ya mwanga hupungua, ni kweli, lakini ile sehemu iliyobaki wazi ina ukali uleule. Lenzi ya jicho hukusanya mwanga na kuchora picha ndogo sana ya jua kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Upana wa picha hiyo ni kama milimita 0.15 tu. Jua likimegwa, picha nayo humegwa, lakini pale inapoangukia, seli hupokea mwanga mkali kama wa mchana wowote. Nayo huangukia mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa kitu tunachokikazia macho tunakielekeza kwenye kitovu cha retina, sehemu ndogo tunayoitegemea tunaposoma, tunapotunga uzi kwenye sindano na tunapotambua sura za watu. Sehemu hiyo ikiharibika, mtu bado ataona mlango na ukuta, ila hataona vizuri uso wa anayezungumza naye.

Madhara yenyewe kwa kiasi kikubwa hayatokani na joto, ingawa tumezoea kusema jua limemchoma mtu macho. Mwanga mkali, hasa ule wa rangi ya buluu, huanzisha ndani ya seli za retina mabadiliko ya kikemia yanayoziharibu, na mabadiliko hayo huendelea hata baada ya mtu kuacha kutazama. Na retina haina neva za maumivu. Hili ndilo ninalotamani kila mzazi wa Mwanza alijue kabla ya siku hiyo, kwa sababu sisi sote hulea watoto kwa kusikiliza kilio: mtoto akigusa jiko hulia, akikanyaga mwiba hulia, nasi hukimbilia. Akiumia retina hatalia, atarudi kucheza, na dalili zitaanza kujitokeza baada ya saa kadhaa au kesho yake asubuhi. Isitoshe, lenzi ya jicho la mtoto ni angavu sana, haijaingia umanjano kama ya mtu mzima, na kwa hiyo hupitisha mwanga wa buluu na ule wa urujuani usioonekana kwa wingi zaidi mpaka kwenye retina. Muda ambao wewe ungechungulia bila kudhurika si kipimo cha muda ambao yeye angestahimili.

Sasa nije kwa jirani yako. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilionekana kama pete kule Rujewa, wilayani Mbarali, na huku kwetu lilifunikwa sehemu. Naamini kabisa kwamba yeye na wenzake hawakudhurika, na huenda ni kwa sababu walichungulia kidogo tu kila mmoja kwa zamu yake. Lakini maji si kinga. Jua likiwa juu, maji yaliyotulia hurudisha takribani asilimia 2 ya mwanga wake, yaani sehemu 1 kati ya 50, wakati kichujio salama cha kutazamia jua hakitakiwi kupitisha zaidi ya asilimia 0.0032, ambayo ni kama sehemu 1 kati ya 30,000. Beseni basi linaleta machoni mwanga unaozidi kiwango cha salama kwa zaidi ya mara 600. Na linalosemwa juu ya beseni linahusu ziwa pia: watoto walioko mwaloni wasiachwe kulitazama jua linalometa majini kwa kudhani kwamba wamelikwepa.

Picha za eksirei za shemeji yako zinanitia wasiwasi zaidi ya beseni, kwa kuwa zinadanganya. Ukizishika mbele ya jua, jua huonekana dogo na tulivu, hivyo jicho haliumizwi na mng'ao na haligeuki. Weusi wake hata hivyo haulingani, na mionzi isiyoonekana kwa macho hupita kwa urahisi. Kwa maneno mengine, zinaondoa ile kinga ya asili bila kuondoa hatari. Nasema hivyohivyo kuhusu kioo kilichofukizwa moshi wa kibatari, negativu za picha, santuri za CD, na miwani ya jua hata ikivaliwa miwili kwa pamoja. Darubini na kamera zenye lenzi kubwa zisiwe karibu kabisa na mtoto, kwa sababu hizo hukusanya mwanga na zinaweza kuharibu jicho kwa muda mfupi mno. Simu nayo ina shida yake: ukimpa mtoto simu alipige picha jua, atatazama kioo cha simu kwa muda, kisha atatazama pembeni mwa simu ahakikishe analipata.

Iko miwani maalumu ya kutazamia jua, na ni haki nikueleze faida na mipaka yake. Iliyo sahihi huwa imechapishwa alama ya kimataifa ISO 12312-2. Alama peke yake haitoshi, maana yeyote anaweza kuichapa, kwa hiyo ijaribu: ivae ukiwa ndani, utazame vyombo vya nyumbani na dirishani, na usione chochote, taa kali ya umeme pekee ndiyo inaweza kuonekana kwa mbali sana, hafifu. Ikiwa unaona ukuta au mkono wako, haifai. Ikiwa imekwaruzwa, imetoboka au imebanduka, itupe hata kama uliinunua kwa bei kubwa. Kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma kinafaa kikiwa cha namba 14, namba ambayo huwa imeandikwa kwenye kioo chenyewe. Vingi vinavyotumika katika karakana za mitaani ni vya namba ndogo zaidi, na ile miwani nyeusi ambayo baadhi ya mafundi huvaa si kinga ya jua hata kidogo, wala ya kazi yao.

Kwa mtoto wa miaka minne, mimi siifanyi miwani kuwa njia kuu. Uso wake ni mdogo, miwani huteleza puani, naye huinua kidevu achungulie kwa juu. Kama mmeipata iliyo sahihi na mnataka aone japo mara moja, basi kata kipande cha boksi kinachofunika uso wake wote, toboa nafasi ya macho, gundisha miwani hapo kwa selotepu, na mfanye mazoezi siku kadhaa kabla, ndani ya nyumba, mpaka utaratibu uwe mchezo anaoujua: tunalipa jua mgongo, tunavaa, tunageuka, tunahesabu moja hadi tatu, tunageuka tena, tunavua. Awe mapajani mwako, mkono wako ukiwa umeshika boksi. Ukiona siku hiyo ana usingizi, analia au anavutana nawe, acha. Hakuna atakachokosa kwa sababu njia ninayokueleza sasa ni nzuri zaidi kwake.

Mwanga ukipita katika tundu dogo huchora upande wa pili picha ya kitu ulikotoka. Matundu madogo yapo kila mahali: mianya ya majani ya mti, chujio la plastiki la kuoshea mboga, kofia ya ukindu, hata vidole vya mikono miwili vikipishanishwa. Siku za kawaida madoa ya mwanga yanayoanguka chini ya mti ni ya duara, nasi huyakanyaga bila kujua kwamba kila duara ni picha ya jua. Jua likianza kupatwa, kila doa humegwa upande mmoja kama biskuti iliyong'atwa. Mtoto hahitaji kuambiwa aone nini, ataona mwenyewe kwamba yale madoa yamebadilika.

Ukubwa wa picha hutegemea umbali kutoka kwenye tundu hadi inapoangukia, na hesabu yake ni rahisi: gawanya umbali huo kwa takribani 110. Ukishika chujio mita 1 juu ya ardhi, kila jua litakuwa na upana wa kama milimita 9, sawa na ukucha wa kidole cha mtoto. Chini ya mwarobaini au mwembe ambao majani yake yako mita 5 juu, kila doa litakuwa na sentimita 4 na nusu. Tandika shuka jeupe chini ya mti, au tumia jabali, maana Mwanza mawe bapa hayakosekani kwenye ua wa mtu, na mwache mtoto ayashike madoa hayo kwa kiganja, achore duara kuyazunguka kwa chaki, arudi baada ya dakika kumi aone kama bado yanalingana na mchoro wake. Huo mchoro wa chaki una thamani kubwa, kwa sababu mabadiliko ya jua ni ya polepole kuliko subira ya mtoto, na bila alama ya kulinganisha ataona kwamba hakuna kinachotokea.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kioo cha kujitazamia. Chukua kipande kidogo cha kioo, kifunike kwa karatasi yenye tundu la upana wa kama milimita 5, kiweke nje mahali penye jua na kukielekeza ili mwanga wake uingie mlangoni na kuangukia ukuta wa ndani, chumba kikiwa kimefungwa mapazia. Ukuta ukiwa mita 10 kutoka kwenye kioo, mtapata jua la upana wa sentimita 9, angavu, ambalo familia nzima inaweza kulitazama kwa pamoja, bibi akiwa kwenye kiti chake. Hapo mama yako anapata alichotaka, mtoto yuko ndani, na wewe unapata ulichotaka, mtoto analiona tukio. Sharti ni kwamba mtu mzima mmoja abaki nje karibu na kioo kuhakikisha hakuna anayekiinamia kukitazama, kwa kuwa mwanga wa kioo ni mkali karibu sawa na jua lenyewe. Fanyeni majaribio wiki moja kabla, saa hiyohiyo ya mchana, ili mjue kioo kikae wapi.

Lazima pia nikueleze ukweli kuhusu mtakachokiona, ili usimwahidi mtoto jambo ambalo halitatokea. Tarehe 2 Agosti 2027, ambayo ni Jumatatu, kivuli kizima cha mwezi kitapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia; karibu na Luxor, Misri, jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita na mchana utageuka giza. Sisi tuko mbali kusini mwa njia hiyo. Mwanza jua litamegwa upande tu, pungufu ya nusu ya uso wake, mchana baada ya saa sita, likiwa bado juu na limeegemea kaskazini. Hakutakuwa na giza. Kuku hawatapanda darini, na mtu asiyejua hatagundua lolote. Hilo ni jambo la kuzingatia kwa usalama pia, kwa sababu hakuna dakika hata moja siku hiyo, hapa kwetu, ambapo itakuwa salama kulitazama jua kwa macho matupu. Mkisikia watu wakisema kuna wakati wa kuvua miwani, wanazungumzia kule ambako jua litafunikwa lote. Kwa bahati nzuri Agosti ni kiangazi, na uwezekano wa kupata anga safi ni mkubwa. Kama binti yako atakuwa ameanza shule ya awali, zungumza na mwalimu wake mapema, kwa kuwa itakuwa siku ya masomo na yote uliyoyapanga nyumbani hayatasaidia ikiwa darasa zima litatolewa uwanjani na kuambiwa litazame juu.

Katika kumweleza mtoto, usianze na katazo. Mtoto wa miaka minne akiambiwa "usitazame juu" bila kingine cha kufanya, atatazama. Mpe kazi: awe msimamizi wa shuka, mchoraji wa chaki, mwenye kushika chujio. Siku chache kabla, washa taa chumbani, mwambie afumbe jicho moja na anyooshe kidole gumba mpaka kiizibe taa. Ataona kwamba kitu kidogo kilicho karibu kinaweza kukificha kikubwa kilicho mbali. Hiyo ndiyo habari nzima. Jua lina upana wa karibu mara 400 ya mwezi, na liko mbali nasi karibu mara 400 kuliko mwezi, ndiyo maana machoni petu yanaonekana sawa kwa ukubwa. Akiuliza kwa nini haitokei kila mwezi, mwambie kwamba njia ya mwezi imeinama kidogo, kama digrii 5, na mara nyingi hupita juu au chini ya jua bila kulikuta. Sababu ya kutotazama juu nayo ielezwe kwa ukweli na kwa upole: jua ni kali, linaumiza macho bila kuuma, na ndivyo lilivyo kila siku. Usimtishie upofu. Nimeona watoto waliotishwa wakiogopa kutoka nje siku nyingi baada ya jua kurudi kama lilivyokuwa. Na kama kwenu kuna desturi ya kuswali au kuomba wakati wa kupatwa, mhusishe mtoto humo pia. Kujua sababu ya jambo hakumzuii mtu kumshukuru Muumba wake.

Mke wako anayependa mwachane na jambo lenyewe nina neno kwa ajili yake pia. Kama baada ya kusoma haya bado moyo wake hautulii, mnaweza kuliacha jua lipite na kungoja kupatwa kwa mwezi tarehe 31 Desemba 2028, usiku wa kuamkia mwaka mpya, tukio ambalo kwa mtoto mdogo nalihesabu kuwa bora kuliko hilo la jua. Kupatwa kwa mwezi hakuna hatari yoyote kwa macho, kwa kuwa mwezi hurudisha mwanga hafifu. Mtoto anaweza kuutazama kwa macho matupu au kwa darubini muda wote anaotaka. Jioni hiyo mwezi utachomoza ukiwa tayari umeingia kwenye kivuli cha dunia, na kuanzia kama saa moja na robo usiku hadi karibu saa mbili na nusu utakuwa umefunikwa wote, rangi yake ikiwa nyekundu ya shaba, kwa sababu mwanga mwekundu wa machweo ya dunia nzima hupindwa na hewa yetu na kuuangukia. Ni saa ambayo mtoto bado yuko macho. Walioko Bukoba watauona ukitokea ziwani. Ninyi wa Ilemela utafuteni mahali palipo wazi upande wa mashariki. Wavuvi wa dagaa nao kwa kawaida hupumzika siku za mwezi mpevu, kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa kukiwa na mbalamwezi, hivyo ziwa litakuwa na mwanga mdogo wa karabai kuliko usiku mwingine. Kizuizi kinaweza kuwa mawingu, kwani Desemba ni msimu wa mvua. Kwa maoni yangu mfanye yote mawili, na kwa yule mtoto anayeuliza kila usiku mwezi umekwenda wapi, hilo la pili litakuwa ni jibu la swali lake mwenyewe.

Nimalizie na swali lako la mwisho. Kwanza usiogope kupita kiasi: mtoto akirusha jicho juu mara moja na kuligeuza papo hapo, kama anavyofanya siku yoyote akicheza mpira, kwa kawaida haachiwi madhara. Wasiwasi unaanza ikiwa alilikazia jua macho kwa sekunde kadhaa, au alichungulia mara nyingi, au alitumia eksirei na vifaa vya namna hiyo. Mtu mzima angesema anaona doa jeusi katikati, mistari imepinda, rangi zimefifia, au mwanga unamkera. Mtoto wa miaka minne hatasema hivyo. Atapikicha macho, atasogeza kitabu karibu sana, atageuza kichwa pembeni ili aone, au atashindwa kuokota vitu vidogo alivyozoea kuokota. Mpime hivi: tandaza punje chache za mchele juu ya kitambaa cheusi, funika jicho moja kwa kiganja chako na mwombe aziokote, kisha ufanye hivyo kwa jicho la pili. Zoezi hili lifanye pia wiki moja kabla ya tukio, kwa sababu watoto wengine wana jicho moja dhaifu tangu awali bila wazazi kujua, na ukiligundua mapema itakuwa faida kubwa kwake kuliko jua lenyewe.

Ukiona tofauti kati ya jicho na jicho, au tofauti na alivyofanya kabla, mpeleke kwa mtaalamu wa macho ndani ya siku moja au mbili hata kama haumwi na jicho si jekundu. Hapo Mwanza Hospitali ya Bugando ina idara ya macho. Walio mbali waanzie hospitali ya rufaa ya mkoa wao. Atapimwa uwezo wa kuona, atatazamwa retina kwa kupanuliwa mboni kwa dawa ya matone, na penye mashine atapigwa picha ya tabaka za retina, kipimo kisicho na maumivu. Haipo dawa iliyothibitishwa kurudisha retina iliyoharibiwa na jua. Wengi hupata nafuu wenyewe katika wiki na miezi inayofuata, baadhi hubaki na doa la kudumu, na daktari atataka kumwona tena ili ajue yuko upande gani. Usimwekee matone ya kununua dukani bila kuandikiwa, hasa yale yenye steroidi, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani. Ukienda, mweleze daktari mtoto alitazama kwa muda gani, mara ngapi, na kupitia kitu gani, na kama kitu hicho bado mnacho, kibebe.